Siku Walipomtangaza Mama Shija

Juzi basi letu la kutoka Shinyanga lilipata pancha kabla hatujaingia Kahama, upande wa Buzwagi, dereva akatuambia tushuke tutafute kivuli. Kivuli gani, nikamuuliza, maana pale jua likikupata limekupata. Nilikuwa na mzigo wa vitenge wa kupeleka dukani kwangu Katoro. Nikamwachia utingo aniangalizie, nikasogea hadi kwenye ua wa minyaa uliokuwa umebaki peke yake pembeni ya maghala. Nikachungulia ng'ambo. Matofali, mchanga, viwanja vilivyopimwa, mbuzi wawili. Nilikuwa nageuka kurudi nilipoiona nguzo ya geti, zege lenye rangi ya kijani iliyobanduka. Rafiki yangu, kwenye nguzo ile niliwahi kuegemea nikiwa mtoto, nikalia mpaka makamasi yakaingia mdomoni.

Zamani palikuwa na bustani pale. Mzee mmoja mfanyabiashara, aliyepata mali yake kwenye dhahabu, alizungushia ua eneo kavu ambalo hata mtama ulikataa kuota, akaomba vibali vyake, akajaza humo mimea ya miiba na wanyama wa nchi kame. Getini aliandika "Bustani ya Jangwani". Watu wa kwetu Ushirombo walicheka wakachoka. Baba yangu alisema, "Mtu anatoka Shinyanga, kwenye vumbi, analipa kiingilio akaone vumbi la mwenzake." Lakini kwaya ya kigango ilipotangaza kwamba Jumatatu ya Pasaka itakodi Fuso kwenda huko, na familia zinaruhusiwa, Baba huyohuyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandikisha.

Kabla sijakupeleka huko, nikueleze nilivyozaliwa, la sivyo hutaniona nina haki. Kwetu Usukumani majina mengine hayachaguliwi, yanakuja na zamu. Mapacha wakizaliwa, wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto. Mtoto anayewafuata, awe wa kiume au wa kike, mzuri au mbaya, ni Shija. Mimi ni Shija. Kaka zangu walizaliwa wakiwa uzao wa kwanza wa mama yangu, wakapigiwa vigelegele na ngoma, wakatambikiwa, watu wakatoka vijiji vya mbali kuwaletea zawadi, na tangu siku hiyo mama yangu akaitwa Mama Kulwa. Baba akawa Baba Kulwa. Miaka mitatu baadaye nikaja mimi, nikapewa jina lililokuwa linanisubiri, na hakuna aliyebadilisha chochote.

Usifikiri ni jambo dogo. Mapacha kwetu hawanuniwi. Ukimpa Kulwa sharti umpe Doto, tena kwa wakati mmoja, mkono huu na mkono huu, ama sivyo asiyepewa ataugua. Bibi, mama yake Baba, alilisimamia hilo kama amri ya kanisa. Mgeni akija na mahindi ya kuchoma mawili, yamekwisha, yana wenyewe. Akija na matatu, mimi napata. Kwa hiyo nilikua nikiwaombea wageni waje na vitu vya idadi isiyogawanyika kwa mbili, na katika sala ya jioni nilikuwa naisema hiyo nia kimoyomoyo. Lambo tulikwenda wote kuteka maji, kuchuma pamba tulichuma wote, kuwinga ndege kwenye mtama ndiyo kabisa ilikuwa kazi yangu. Lakini jirani akipita njiani alisalimia hivi: "Mapacha hamjambo?" Nami nilikuwa nimesimama hapohapo na debe kichwani.

Pasaka ile Mama alinunua kitambaa cha bluu chenye maua meupe, akampelekea fundi. Zilitoka shati mbili za mapacha, zimefanana hadi vifungo. Kilichobaki fundi akanishonea mfuko na kola kwenye gauni langu la zamani. Kila mtu alisema nimependeza. Kila mtu alikuwa mwongo.

Basi tulipanda Fuso alfajiri, mabenchi yamefungwa kwa kamba, kwaya inaimba, kinamama wamekumbatia mabeseni. Bibi alikuwa amebeba matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa mpaka vikawa vigumu kama ngozi, na Mama alikuwa na sufuria la wali uliofungwa kwa khanga. Vumbi la barabara lilitupaka wote rangi moja. Nakumbuka harufu: wali, moshi wa gari, mafuta ya nazi kwenye vichwa vya watoto. Nilikuwa nimekaa miguuni kwa Mama, mapacha wamekaa mapajani kwake, kila mmoja na paja lake. Mtu ana mapaja mawili tu.

Bustani yenyewe, nisiseme uongo, ilikuwa nzuri kwa namna yake. Mishubiri ilikuwa imepangwa kwa safu na maua yake ya rangi ya chungwa, nyuki wamejaa. Palikuwa na midungusi mirefu kuliko nyumba yetu, yenye miiba ambayo Baba aliigusa kwa makusudi halafu akajifanya haikumchoma. Palikuwa na mti mmoja mfupi, shina limevimba kama kibuyu, hauna jani hata moja lakini umefunikwa maua ya waridi. Bibi alisimama mbele ya mti ule akatikisa kichwa, akasema, "Huu nao, chakula hauna, nguo unazo." Kulikuwa na kobe wakubwa, nungunungu aliyelala kutwa nzima, fisi ambaye Bibi alikataa katakata kumtazama na akatufunika macho na sisi, mbuni, na ngamia mmoja aliyeletwa kutoka kaskazini, mwenye kope ndefu na dharau usoni. Nilimpenda ngamia yule kwa sababu hakumjali mtu.

Mlezi wa wanyama alikuwa Msukuma mwenzetu. Alipowaona kaka zangu katika mashati yao alisimamisha kazi. "Hawa ni mapacha?" akamuuliza Mama. Mama akakubali, na uso wake ukang'aa kama kawaida yake akiulizwa swali hilo. Mlezi akasema mapacha wakimlisha mnyama, mnyama anazaa vizuri. Akafungua kijigeti, akawaingiza ndani ya kamba, akawapa mtama kwenye viganja, na mbuni akaja akawadonoa mikononi huku wakipiga kelele za raha. Watu wakajaa kutazama. Mpiga picha akaja mbio. Nami nikapita chini ya kwapa la mtu, nikainua kamba niingie. Mlezi akanizuia kwa mkono, kwa upole kabisa, akasema, "Wewe mayu, subiri. Ni mapacha tu."

Mayu ni mama, kwa Kisukuma, na ndivyo wakubwa wanavyombembeleza mtoto wa kike. Hakunitukana. Lakini nilihisi kifua kinajaa kitu cha moto, na nikaona afadhali nikamtazame ngamia.

Sikupotea kwa kukusudia. Nilisimama kwenye uzio wa ngamia, nikamweleza mambo yangu yote, naye akaendelea kutafuna. Nilipogeuka, watu wa Fuso letu hawakuwapo. Nikaenda kwenye mishubiri, hawapo. Nikaenda kwa kobe, nikakuta kundi jingine, la watu wa mjini Kahama, wanawake wenye madira na watoto wenye aiskrimu. Baadaye nilikuja kuelewa kilichotokea: Mama alidhani niko kwa Bibi, Bibi alidhani niko kwa Mama, na Baba alidhani kulea ni kazi ya hao wawili. Mapacha walikuwa wanahesabiwa. Mmoja, wawili, wametimia, haya twendeni tukale.

Mlinzi wa getini ndiye aliyeniokota. Alinikalisha kwenye benchi karibu na ile nguzo ya kijani, akaniuliza kwa ukali wa kujifanya, "Unalia nini? Mama yako nani?"

Sasa, mtoto aliyefundwa hamtaji mama yake kwa jina la kuzaliwa, na kwa kweli hata nilikuwa silijui vizuri. Jibu lilikuwa moja, dunia nzima inalijua. Nilifungua mdomo niseme Mama Kulwa. Nikalikumbuka lile shati la bluu, na mbuni, na ule mkono ulionizuia kwenye kamba.

"Mama Shija," nikasema.

Mlinzi hakuuliza zaidi. Kwetu mama anajulikana kwa mtoto wake, jina likishatajwa limetosha. Alikwenda kwenye kibanda chao, akapunguza muziki, akashika kipaza sauti. "Mama Shija. Mama Shija popote ulipo, njoo getini, mtoto wako analia."

Rafiki yangu, sijui kama umewahi kulisikia jina lako likipaa. Lilitoka kwenye spika zilizofungwa juu ya miti, likaenda kwa fisi, likaenda kwa ngamia, likapita juu ya ua. Mama Shija. Niliacha kulia. Nilijifuta uso, nikakaa wima, nikanyoosha kola yangu ya kitambaa kilichobaki. Nilitaka anikute nimekaa vizuri.

Hakuja. Mlinzi akarudia tena. Nikawa namtazama kila mwanamke anayetokea kwenye njia ya changarawe, na kila mmoja alikuwa wa mtu mwingine. Doto alikuja kunisimulia baadaye, akicheka, kwamba Mama alisikia matangazo yote mawili akiwa anapakua wali. Alisema, "Huyo Mama Shija naye, sikukuu yote hii, mtoto anampoteaje?" Akaongeza wali kwenye sahani ya Kulwa.

Ndipo nikamwona mwanamke anakuja mbio. Alikuwa ameshika kandambili zake mkononi, khanga imemtoka kichwani, anahema. Simjui. Alifika, akaniangalia, akashika kifua, akasema, "Si wangu. Mungu wangu, si wangu." Akakaa chini palepale, kwenye changarawe. Haikupita muda akatokea mtoto wa kike wa rika langu, anatafuna muwa bila wasiwasi wowote, akasema, "Mama, mbona umekimbia? Nilikuwa kwenye bembea."

Kumbe alikuwa Mama Shija wa kweli. Na yule mla muwa alikuwa Shija.

Nilimtazama mwenzangu yule kuanzia juu hadi chini. Gauni lake lilikuwa jipya, limeshonwa kwa kitambaa kizima, mikono yake imevimba mabegani, na utepe kiunoni wa kitambaa hichohicho. Mama yake alikuwa amekimbia pekupeku kwa kuitwa mara mbili tu. Nilimchukia, nilimpenda, nilitaka kumvua lile gauni nilivae na mama yake juu. Wivu nilionao kwa kaka zangu nilikuwa nimeuzoea, kama jiwe kwenye kiatu. Huu ulikuwa mpya.

Yule mama angeweza kuondoka, maana mtoto wake alikuwa amempata. Hakuondoka. Alinyanyuka, akaja kukaa nami kwenye benchi, akanifuta makamasi kwa ncha ya khanga yake. Akatoa kwenye kikapu andazi, akalimega, nusu akanipa mimi, nusu akampa binti yake. Nusu kwa nusu, na sisi wote ni Shija. Sijapata kula andazi tamu kama lile.

"Unaitwa nani, mayu?"

"Shija."

Akatabasamu. "Na wewe." Kisha akaniuliza taratibu, kama anayegusa maji kujua yana moto kiasi gani, "Na Kulwa na Doto wenu?"

"Wapo. Wanamlisha mbuni."

"Wapo wote wawili?"

"Wote," nikasema, kwa uchungu mkubwa.

Alinitazama muda mrefu. Halafu akamgeukia mlinzi. "Baba, huyu mama yake si Mama Shija. Tangaza Mama Kulwa."

Nikasema hapana. Nikasema mama yangu ni Mama Shija, nikaanza kulia upya, nikamshika yule mama mkono asinisaliti. Alinibana kifuani, akamwashiria mlinzi kwa macho aendelee tu. Mlinzi akatangaza Mama Kulwa mara moja. Hakuhitaji kurudia. Mama alitokea kwenye kona ya midungusi anakimbia, kijiko cha kupakulia bado kiko mkononi, na nyuma yake Bibi, na Baba, na mapacha, na nusu ya kwaya.

Mama alinikumbatia, akanichapa kofi la mgongoni, akanikumbatia tena. Kisha akageuka kumshukuru mwenzake. Wakasalimiana kwa Kisukuma, salamu ndefu ya kikwetu, nyumbani, ng'ombe, shamba. Mlinzi akadakia kwamba alianza kumtangaza Mama Shija akaja huyu. Nikamwona Mama anamwangalia yule mwanamke, kisha anamwangalia binti yake aliyesimama peke yake na muwa, na uso wa Mama ukabadilika. Alimshika mwenzake mkono akaendelea kuushika.

"Ni hawa?" yule mama akauliza. "Naomba niwaone."

Mama akawasogeza mapacha mbele. Walikuwa wachafu, wana wali mashavuni, Kulwa ana unyoya wa mbuni nyuma ya sikio. Yule mama alipiga magoti kwenye changarawe, akanyoosha mikono yote miwili, akawawekea vichwani kwa wakati mmoja, huyu mkono huu, huyu mkono huu, kama inavyotakiwa. Akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka Doto akaanza kujinyonganyonga.

Nami nikaona dunia imekwisha. Kote bustani nzima nilipata mtu mmoja aliyekuja mbio kwa jina langu, naye mikono yake yote miwili imekwenda kwao.

Kwenye Fuso la kurudi nilikataa wali. Kwaya ilikuwa imechoka, inaimbia puani tu. Jua lilikuwa limeinama na vumbi limekuwa jekundu. Bibi alinivuta mapajani kwake, jambo ambalo lilikuwa nadra kwa sababu ya magoti yake, akaniuliza kwa sauti ya chini kwa nini nilimdanganya mlinzi. Nikamwambia sikudanganya. Nikamwambia ninataka Mama aitwe Mama Shija, hata siku moja tu, kama mama wa yule msichana.

Bibi alinifunika mdomo kwa kiganja. Kiganja chake kilinuka viazi na ugoro. "Usimwombee mama yako jina hilo," akasema. "Unajua linapatikanaje? Shija hazaliwi bila wawili mbele yake. Mama akiitwa kwa Shija, ujue wale wawili wako mchangani."

Nikamuuliza wote? Akasema wote. Nikauliza kama yule mama ndiyo maana alikimbia vile. Bibi akasema, "Mwenye kovu usidhani kapoa," akaondoa mkono, akanipa tobolwa, tukatafuna hadi Ushirombo.

Ungependa nikuambie kwamba wivu uliniisha jioni ile. Haukuisha. Kesho yake jirani alipita akauliza mapacha hawajambo, na kifua kikajaa vilevile. Nilichopata ni kitu kingine cha kukaa nacho pamoja na wivu, na viwili hivyo vimelala kitanda kimoja mpaka leo.

Haya yote nimeyakumbuka nikiwa nimesimama kwenye ule ua, utingo ananiita kwamba tairi tayari. Hakuna ngamia, hakuna mishubiri, spika zilizobeba jina langu sijui ziliuzwa wapi. Bibi alishatutoka, na Baba naye. Fundi wa shati za bluu alihama. Watoto wa siku hizi wanaona mbuni kwenye simu na hawadonolewi na mtu. Hata majina ya zamu yanakwisha. Juzi Katoro nimekutana na mapacha wanaoitwa kwa majina ya wachezaji mpira, nikamuuliza mama yao atakayefuata ataitwaje, akanishangaa.

Yule mama sikumwona tena. Natumaini Shija wake anampigia simu.

Mama yangu yupo Kalangalala, Geita, kwenye nyumba aliyojengewa na kaka zangu. Ni mimi ninayempeleka kliniki, ninayemsuka nywele, ninayejua dawa ipi ameificha chini ya godoro. Na majirani wakibisha hodi wanasema, "Mama Kulwa, tumemkuta mwanao Shija hapa mlangoni, umebarikiwa." Kulwa anachimba dhahabu kwenye mashimo ya huko Katoro, ardhi ambayo haina huruma. Doto anaendesha lori la mizigo. Kila asubuhi kabla sijafungua duka nampigia Kulwa. Anapokea kwa sauti nzito ya usingizi, ananiuliza nina shida gani. Halafu nampigia Doto, naye ananiuliza hivyohivyo. Nawajibu sina shida, nakata.

Kisha nampigia Mama, na simu ikiitikiwa nasema, "Shikamoo, Mama Kulwa." Bado inaniuma kulisema. Namwomba Mungu iniume mpaka nizeeke.